Deni la Marehemu Hutangulia Mirathi

Meli ya MV Spice Islander I ilipozama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, nyumba nyingi ziliingia eda kwa usiku mmoja. Tukio lile lingetosha kutufunza, lakini hadi leo tunaona matanga hayajaondolewa, mashemeji wamekwishahesabu mikarafuu.

Sheria ina mpango wake. Hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Ndipo warithi wagawane. Mahari ambayo marehemu hakuyalipa ni deni, wala si hisani. Mjane huyapokea kwanza, kisha huchukua thumni ikiwa mumewe ameacha mtoto, au robo ikiwa hakuacha. Wakiwa wake wawili, hugawana fungu hilohilo. Na mikarafuu aliyoinunua mwenyewe kwa fedha yake haimo katika tirka kabisa. Hili ndilo husahauliwa, na si kwa bahati mbaya!

Aliye edani, miezi minne na siku kumi, asishurutishwe kutia saini karatasi asiyoielewa. Pakizuka mzozo, Mahakama ya Kadhi ipo, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo. Nasi waume tuandike tungali hai: nani anatudai, nani tunamdai, na mikarafuu ipi tumeiweka rehani.