Gemu bila bambo

Ukienda kununua mchele Kyela mjini, au sokoni Ipinda, hakuna anayekuuzia maneno. Kuna bambo. Kile chuma chenye ncha kinachomwa ubavuni mwa gunia, punje zinamwagika kiganjani, unazitazama, unazinusa, ukitaka unazitafuna. Muuzaji akikataa gunia lake lisichomwe, hapo hapo unajua kachanganya. (Na wanaochanganya ni wengi, ndiyo maana kila mchele ukifika Dar unaitwa "wa Kyela".)

Sasa makampuni makubwa ya gemu yameamua kwamba sisi tununue bila bambo, na watu wazima na digrii zao wanapiga makofi. Ndicho ninachotaka kugombana nacho leo.

Kwa asiyefuatilia: tangu mwaka 1995 kulikuwa na maonyesho makubwa kule Los Angeles yaliyoitwa E3. Kampuni inapanda jukwaani, ukumbi umejaa waandishi na washindani, mtu anashika pedi mbele ya macho yao na kucheza. Oktoba 2011 Nintendo wakaanza Nintendo Direct, yaani video iliyorekodiwa, ikakatwakatwa na kupambwa, halafu ikarushwa kwenye intaneti saa waliyoichagua wao. Mwaka 2013 wakaachana na mkutano wao mkubwa wa jukwaani pale E3. Sony wakaja na State of Play yao mwaka 2019, na mwaka huo huo hawakutokea E3. Corona ikafuta maonyesho ya 2020, na Desemba 2023 waandaaji wakatangaza kwamba E3 ndiyo basi tena.

Watu wanasema afadhali, jukwaa lilikuwa na aibu nyingi. Wanamkumbuka Shigeru Miyamoto mwaka 2010, mzee aliyetupa Mario na Zelda, akihangaika jukwaani na Skyward Sword huku upanga ukigoma kumfuata mkono. Nintendo wakasema mawimbi ya vifaa vya ukumbini ndiyo yaliyoingilia. Wanakumbuka pia Sony mwaka 2015, pale Uncharted 4 ilipoanza na Nathan Drake akasimama tu katikati ya soko la Madagascar, kagandamana kama mtu aliyeibiwa pochi. Ikabidi waanze upya.

Mimi naziona dakika hizo kuwa ndizo zenye thamani kuliko zote. Drake alipoganda, kila aliyekuwa anatazama alijua kwamba gemu lile lipo na kuna mtu analicheza. Filamu haigandi namna ile. Mwaka 2005 Sony hao hao walionyesha Killzone mpya, watu wakapagawa, kumbe ilikuwa katuni iliyotengenezwa pembeni na hakuna aliyekuwa anacheza chochote. Mtaniambia hilo nalo lilitokea jukwaani. Kweli, lakini ilikuwa video iliyopandishwa jukwaani, na ndiyo ugonjwa wenyewe ninaousema.

Lakini kuharibika kwa vifaa ni jambo dogo. Kubwa ni maswali.

Mwaka 2013 Microsoft walileta Xbox One na masharti yake. Mashine iwasiliane na intaneti walau mara moja kila saa 24, la sivyo magemu hayachezeki. Diski iliyokwishatumika isipite mkono kwa mkono kama zamani. Hebu lichukue sharti hilo ulipeleke Kyela, mvua za masika zikianza kupiga. Umeme umekatika tangu jana, mtandao unaonyesha kijiti kimoja, na kibanda cha gemu kinachowakaa watoto wa mtaa mzima kinaishi kwa diski zilizopita Mbeya, Tunduma na pengine Karonga kabla ya kufika hapo. Mashine ile ingekuwa tofali lenye waya.

Ilikuwaje basi? Tarehe 10 Juni 2013 Sony wakapanda jukwaani na kusema PlayStation 4 haitazuia diski zilizotumika wala haitadai intaneti ya kila siku, na bei ni dola 399, wakati Xbox ilishatajwa kuwa dola 499. Huku kwetu ilikuwa alfajiri. Ukumbi ule ulilipuka. Si makofi ya kuhaririwa, walikuwa watu wazima wanapiga kelele kama uwanja wa Sokoine Mbeya City ikifunga. Wiki hiyo hiyo Don Mattrick wa Microsoft akaulizwa mubashara kuhusu wasio na intaneti, akajibu kwamba kwa watu hao wanayo mashine, inaitwa Xbox 360. Yaani sisi tubaki na ya zamani! Jibu lile lilizunguka dunia nzima. Tarehe 19 Juni, siku tisa tu baada ya kelele za ukumbi ule, Microsoft wakayafuta masharti yote mawili.

Nani angemuuliza Mattrick swali lile ndani ya video iliyorekodiwa? Na akiulizwa na kujikwaa, jibu lile si wangelikata tu?

Sisi Watanzania hatuhitaji kwenda Los Angeles kulielewa hili. Januari 2016 aliyekuwa Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vya Bunge mubashara, sababu ikiwa ni gharama. Badala yake tukapewa "Leo katika Bunge", kipindi cha usiku kilichorekodiwa. Wabunge wa upinzani wakapinga, polisi wakaingia ukumbini. Wakati ule kila kijiwe kilijua tofauti ya kumwona mbunge wako akiuliza swali saa hiyo hiyo na kuonyeshwa usiku kile kilichobaki baada ya mkasi. Naam, gemu si bajeti ya maji. Mkasi lakini ni ule ule, na anayeushika ni yule yule mwenye cha kuficha.

Mnataka mfano wa mkasi? Cyberpunk 2077, Desemba 2020. Kabla halijatoka, wahakiki walipewa toleo la kompyuta tu, wakakatazwa kutumia picha walizorekodi wenyewe, watumie zilizotolewa na kampuni. Kwenye PS4 na Xbox One za kawaida hawakuruhusiwa kuona kitu. Likatoka likiwa bovu kiasi kwamba Sony waliliondoa dukani kwao ndani ya wiki moja na ushee. Kampuni ikaomba radhi, tena ikakiri yenyewe kwamba haikulionyesha gemu lile kwenye mashine hizo. Gunia halikuchomwa, basi.

Sasa niseme la haki. Video za kurekodi zina uzuri wake. Marehemu Satoru Iwata alizifanya kwa utu na ucheshi, na bando la Kyela linavumilia video ya dakika 40 kuliko sherehe ya saa tatu. Jukwaa nalo ni ghali: mwaka 2024 iliripotiwa kwamba dakika moja ya tangazo kwenye Summer Game Fest ni dola 250,000. Mtengenezaji mdogo wa Nairobi atazitoa wapi?

Mimi sijaomba dola hizo wala taa za Hollywood. Naomba mtu mmoja, pedi moja, na mtu mwingine asiyelipwa na kampuni mwenye ruhusa ya kuuliza. Hilo unalifanya kwa kamera moja na meza. Mbona watu wetu wa ing'oma wanapambana uwanjani, jua kali, mbele ya kijiji kizima kinachojua kabisa nani kapoteza mapigo? Jaribu kutuma video yako iliyopambwa uombe ushindi, uone utakavyochekwa.

Na kuna jambo ambalo video haiwezi kukupa hata ikitaka. Desemba 2023, kwenye The Game Awards, Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza ambaye wazazi wake ni Wakenya, alipanda jukwaani kulitangaza gemu lake, Tales of Kenzera: Zau. Akazungumza kuhusu baba yake aliyefariki na huzuni iliyozaa gemu hilo, hadithi ya mganga kijana anayetaka kumrudisha Baba yake kutoka kwa mungu wa kifo. Ukumbi ulinyamaza. Gemu likatoka Aprili 2024, na unaweza kulicheza likizungumza Kiswahili, jambo ambalo hata waandishi wetu wa burudani hawakulipa uzito. Mtu yule angeweza kututumia dakika mbili za picha nzuri na muziki. Alikuja mwenyewe.

Zamu ijayo video zao zikitoka nitatazama, bando likiruhusu. Hela yangu ya kulipia kabla itabaki mfukoni mpaka nione mikono iliyoshika pedi. Wenye vibanda pale Kyela wanafanya hivyo miaka yote: diski haijawekwa kwenye mashine na kuchezwa hapo hapo mezani, pesa haitoki.