Ficheni Majina, Msifiche Maoni

Kuna wizi ambao haujawahi kumfikisha mtu mahakamani hapa Nyeri: wizi wa maneno ya watu. Mradi unakuja, uwe wa maji, wa barabara au wa soko. Wanaousimamia wanazunguka mitaa ya Skuta, Kamakwa na Majengo na fomu zao mkononi, wakituapia kwamba hakuna haja ya kuandika jina, semeni ukweli wote. Nasi tunasema. Tunasema mtaro umeelekezwa kwenye lango la shule. Tunasema vibarua wanalipwa pungufu ya walichoahidiwa. Tunasema kuna bwana wa ofisini anayetaka chai ndipo jina la mama mjane liingie kwenye orodha ya fidia. Fomu zinafungwa kwenye bahasha, gari linawashwa, na hiyo ndiyo mara ya mwisho tunasikia habari zake.

Lakini maneno yetu hayapotei. Yanapikwa yakawa ripoti ya Kiingereza, yanapelekwa kwa mfadhili, yanasomwa kwenye warsha hotelini. Mfadhili anajua tulichosema, mkandarasi anajua, mheshimiwa anajua. Asiyejua ni mama wa Skuta aliyeacha kibanda chake cha mboga nusu siku ili aulizwe. Hajui hata kama jirani zake walisema kama yeye. Huenda mtaa mzima ulilia kilio kimoja, lakini kila mmoja anarudi nyumbani akidhani ni yeye tu mwenye malalamiko.

Ukiwauliza mabwana hawa kwa nini hawarudishi matokeo, jibu wanalo tayari: tuliahidi usiri. Huu ni ujanja. Mliahidi kuficha jina la msemaji, hamkuahidi kuficha alichosema. Kama angetaka maneno yake yafichwe, angenyamaza. Ahadi iliyowekwa kumlinda mnyonge dhidi ya ofisi mmeigeuza kuwa ngao ya ofisi dhidi ya mnyonge.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wanasema maoni yasiyo na jina ni gakunia mtupu, na neno hilo lina uzito hapa. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, mtoa habari alivikwa gunia lililotobolewa matundu ya macho, akaketishwa mbele ya wanakijiji waliopangwa foleni. Alipotikisa kichwa, mtu alipelekwa kizuizini. Kwa hiyo nakubali, Mkikuyu ana sababu ya kumwogopa msemaji asiye na uso. Lakini tazameni ni nani aliyekuwa nyuma ya gunia na ni nani aliyekuwa mbele yake. Gakunia alifichwa na serikali ili amwangamize asiye na nguvu, na ushahidi wake ulibaki kati yake na afisa, wala mshtakiwa hakupata nafasi ya kuusikia na kuujibu. Mama wa mboga anajificha kwa sababu anamsema mwenye nguvu, tena anataka maneno yake yasikike na watu wote. Anayeyakusanya maoni kisirisiri na kuyanong'oneza kwa mkubwa faraghani, huyo ndiye anayefanya kazi ya gakunia.

Na kama tunazungumzia ukoloni, tuongeze aibu nyingine. Mwaka 1932 Waingereza waliunda Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya Jaji Carter. Haikututendea haki, na hasira iliyoiacha milimani tunaijua. Hata hivyo, ripoti ilipotoka mwaka 1934, ushahidi na hati zilizopokelewa vilichapishwa katika majuzuu matatu. Leo mjukuu anaweza kuyafungua na kusoma wazee waliambia tume nini kuhusu mashamba yao. Mkoloni aliyeikalia ardhi yetu alichapisha malalamiko yetu. Nyinyi tuliowapigia kura mnashindwa kubandika karatasi moja kwenye ukuta wa ofisi ya chifu?

Msiniambie sheria haisemi kitu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamtaka gavana kupeleka kwenye Bunge la Kaunti, kila mwaka, ripoti kuhusu ushiriki wa wananchi. Julai 31, 2024, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakuelezwa kwa nini maoni yao yalikubaliwa au kukataliwa. Mahakama ya Juu iliupindua uamuzi huo Oktoba 29, ikaona Bunge halilazimiki kutoa sababu hizo kwa maandishi, ingawa kufanya hivyo ni desturi njema. Wanasheria wa serikali walifurahi. Lakini kabla ya hukumu hizo mbili kulikuwa na Juni 25 mwaka huohuo, vijana walipojaa barabarani nchi nzima kupinga Mswada wa Fedha, Nyeri ikiwemo, kwa sababu waliona wanaulizwa na wasisikilizwe. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Najua kurudisha matokeo kunahitaji uangalifu. Skuta si Nairobi. Ukiandika kwamba kinyozi wa karibu na kanisa amemlalamikia msimamizi, umeshamtaja hata bila jina. Basi ondoeni kila alama ya kumtambulisha mtu. Pale waliojibu ni watano au sita tu, msiwatenge kwa kazi, umri na mtaa. Wachanganyeni na wengine. Pangeni maoni kwa mada, semeni ni wangapi waliligusa kila jambo. Tuhuma dhidi ya mtu anayetajwa kwa jina zipelekwe kwa wachunguzi, zisisomwe barazani. Kazi hiyo haimshindi karani makini.

Kisha rudini kwa waliosema, na mwanzo uwe kwao, kabla ya mfadhili. Wadau wa kwanza wa mradi ni wale watakaobaki nao kandarasi ikishafungwa. Waelezeni kwa Kiswahili na Kikuyu, barazani na redioni: watu wangapi waliulizwa, walisema nini, kipi kitabadilishwa, kipi hakitabadilishwa na kwa sababu gani. Hata jibu la hapana ni heshima likitolewa waziwazi. Tunachokataa ni kuulizwa mwaka baada ya mwaka kama vile jana hatukuwa na midomo.

Nawe msomaji, usikubali kutumika. Mkutano ujao, kabla ya kutia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, uliza mbele ya watu wote: matokeo yatasomwa lini, na wapi? Wakikosa jibu, liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba wamekosa jibu. Wakiahidi wasitimize, waandikie barua ukiitaka ripoti kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo inazipa ofisi za umma siku 21 kukujibu. Wakikaidi, Tume ya Utekelezaji wa Haki (CAJ) ina mamlaka ya kupokea malalamiko yako. Maoni ni yetu. Tuyadai.