MTOTO AMEPONA: NANI ATAMSIKILIZA?



Mtoto anaporudi kutoka hospitali akiwa hai, baada ya kutolewa uvimbe wa ubongo, tunashangilia, na ni haki tushangilie. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba, ifikapo mwaka 2030, walau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wanusurike. Lengo hilo ni jema. Lakini sisi tunauliza: wanaonusurika wanarudi katika maisha gani?

Saratani ya ubongo iwapatayo watoto wengi zaidi huitwa meduloblastoma, nayo huota sehemu ya nyuma ya ubongo. Hutibiwa kwa upasuaji, mionzi na dawa. Baada ya upasuaji huo, yapata robo ya watoto hupotewa na usemi kwa siku, majuma, hata miezi. Usemi urudipo, wengi wetu hudhani kazi imekwisha. Sivyo. Mionzi ile ile iokoayo uhai huweza kuumiza nyuzi ziunganishazo sehemu za ubongo, na madhara yake huonekana baada ya miaka, hasa kwa waliotibiwa wakiwa wadogo sana.

Mtoto wa namna hiyo huweza kutaja kikombe, ng'ombe na jina la mwalimu wake bila kosa. Mwambie "Paukwa!" naye atajibu "Pakawa!" Lakini mwombe asimulie safari ya jana sokoni: huanzia katikati, huruka sababu, na msikilizaji hajui nani alitenda nini. Ukimwambia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, yeye huwaza pombe na maji tu, asilione onyo lililofichwa ndani. Kwani kusimulia ni kuushika mwanzo akilini huku ukiutafuta mwisho, na kutambua asichokijua mwenzio.

Nasi tunamwitaje? Mvivu. Mzembe. Shuleni huadhibiwa kwa insha isiyokamilika. Nyumbani hulinganishwa na ndugu zake. Huo ni udhalimu, maana tunamwadhibu mtoto kwa jeraha la tiba tuliyomtafutia wenyewe.

Watakuwapo wasemao kwamba nchi maskini haiwezi kugharimia mambo hayo. Je, kumwongezea mtoto muda wa mtihani kunagharimu nini? Kumpangia picha za kisa kwa mfuatano? Kumwuliza kwa upole, "Kisha ikawaje?" Hata hivyo, subira yetu haiondoi wajibu wa serikali. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 23, unamtambulia mtoto mwenye ulemavu haki ya malezi maalumu, elimu na utengemao.

Kwa hiyo tunadai: hospitali ziwaeleze wazazi na walimu madhara haya kabla mtoto hajarudi darasani, wenye mamlaka wasomeshe wataalamu wa usemi, nasi viongozi wa jumuiya tuzitembelee familia hizi, tuketi na kusikiliza hadi kisa kiishe. Mtoto huyu anayo mengi ya kutuambia. Tusimkatize.