Kusikiliza si upelelezi: mwacheni mwananchi asikie hatari kabla haijafika

Minembwe, wilaya ya Fizi. Huku kwetu milimani kila mwenye bunduki ana motorola. Kila shirika linalofika na gari lina antena. Rubani anayeshuka kwenye kiwanja chetu ana redio yake. Asiyesikia kitu ni mwananchi, yule ambaye hatari ikija inaanzia kwenye mlango wake. Na siku mwananchi huyo akijipatia kachombo ka kusikilizia, anaitwa mpelelezi.

Wandugu wasomaji, jambo hili limekwisha fika kwetu, ndiyo maana naliandika.

Kijana mmoja wa hapa, fundi wa redio, alinunua skana iliyokwisha tumika. Kwa wasioijua, skana ni redio ndogo ya mkononi inayotafuta yenyewe kwenye mawimbi, ikipata sauti inasimama. Yake haina mahali pa kusemea. Inasikia tu. Kijana huyo alikuwa akipanda nayo mlimani, kule ambako mbingu ikiwa safi unaona ziwa Tanganyika. Jioni moja ya msimu wa mvua akasikia watu wa ng'ambo, kwa Kiswahili cha Tanzania, wakionyana juu ya upepo mkali: wenye mitumbwi wasitoke. Akatafuta mahali penye mtandao, akampigia shemeji yake wa Baraka anayevua ndakala. Shemeji akabaki nchi kavu. Asubuhi akapiga simu kushukuru, upepo ulikuwa umepita kweli.

Wiki haikuisha, habari ikageuka. Ikawa kijana ana mashine ya kuongea na adui. Wenye nguvu wakamwita, wakachukua skana, wakamtoza faini bila karatasi. Siwataji. Kosa kama hilo lingeweza kufanywa na upande wowote, kwa sababu pande zote zinaogopa sikio la mwananchi.

Wengine wananiuliza: sauti ya ng'ambo inafikaje huku kama si uchawi wala satelaiti? Jibu ni rahisi. Mawimbi ya VHF yanakwenda karibu mstari ulionyooka, kama mwanga wa tochi. Ukiwa bondeni, kilima kinayakata. Lakini ziwa liko kwenye mita 773 hivi juu ya bahari, na milima yetu inapita 2,000. Juu ya maji hakuna kizuizi. Aliye juu kiasi hicho, akiliona ziwa, anaweza kupata sauti iliyo mbali kilomita mia moja na zaidi. Mungu ametupa mlima, na huo ndio mnara wetu. Sisi tunautumia kuchunga ng'ombe tu.

Tena kuna sauti ambazo ziliwekwa makusudi ili zisikike. Chaneli ya 16, yaani megahezi 156.8, ndiyo vyombo vya majini dunia nzima vinaitumia kuomba msaada. Kwa ndege ni megahezi 121.5. Mtu anayezama hasemi siri. Anataka kila aliye karibu amsikie. Mwezi wa 12 mwaka 2014, meli MV Mutambala, iliyobeba jina la mto wetu, ilizama karibu na Kalemie na watu zaidi ya 100 wakafa. Hakuna familia ya pwani isiyojua ziwa hili linavyokula watu. Halafu tunamwadhibu anayesikiliza?

Najua mtakachojibu. Mtasema Katiba, kifungu cha 31, inalinda siri ya barua na mawasiliano ya kila mtu. Ni kweli, na mimi niko upande wa kifungu hicho. Mazungumzo ya mtu na mke wake si yangu. Mwendo wa askari nao si wa kutangaza sokoni: anayeuchukua hewani na kuutupa kwenye WhatsApp anaweza kuua watu asiowajua, na huyo simtetei. Lakini Katiba hiyohiyo, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Onyo la upepo na kilio cha msaada si barua ya mtu. Kuna tofauti kati ya kusikia na kueneza. Mnaoadhibu sikio, mlipaswa kuangalia mdomo.

Bei ya kutosikia tumekwisha iona hapa Kongo. Tutoke kidogo Kivu, twende Haut-Uélé. Kati ya tarehe 14 na 17 Desemba 2009, waasi wa LRA waliua watu wasiopungua 321 katika eneo la Makombo, kwa hesabu ya Human Rights Watch. Ripoti yao ilitoka mwisho wa mwezi wa 3 mwaka 2010. Zaidi ya miezi mitatu! Wauaji walikuwa wanatoka kijiji hiki wanaingia kile, na kile hakikuwa na wa kukionya. Miaka iliyofuata, mashirika pamoja na kanisa wakasambaza foni vijijini, zile redio za mawimbi mafupi tulizozoea kuona kwenye misheni na hospitali. Kwa saa zilizopangwa, kila siku, vijiji vikawa vinaelezana: huku salama, huku wameonekana, msipite njia ile. Hakuna aliyewaita wanakijiji wale wapelelezi.

Na sisi? MONUSCO ilikuwa na mtandao wa kuonya, watu wa vijiji wanapewa simu wapige kambini hatari ikitokea. Mwezi wa 6 mwaka 2024 MONUSCO ikafunga kazi yake Kivu Kusini. Nani alirithi mtandao ule? Serikali iko wapi? Mashirika yenye antena juu ya gari, mnasikia hatari mapema, mnazima mitambo, mnashuka. Mama anayelima mihogo anajua kwamba kuna vita pale anapoona magari yenu yameondoka.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, machifu, mashirika ya kiraia na wote wenye kushika silaha huku waseme mbele ya watu kwamba redio ya kusikiliza tu si silaha. Pili, kila kijiji kikubwa, cha Babembe, cha Banyamulenge, cha Bafuliiru, cha Banyindu, kipate foni na watu wawili wa kuitunza, kutoka pande mbalimbali, kwa sababu risasi haiulizi kabila na upepo wa ziwa hauulizi vilevile. Tatu, redio za kwetu zitenge dakika chache asubuhi na jioni kwa habari ya hatari peke yake: ziwa, barabara, ugonjwa, moto. Bila siasa, bila matangazo ya wakubwa.

Na sisi wasikilizaji tuwe na adabu. Tukisikia hatari, tumwambie anayehusika. Tukisikia siri, tuiache hewani.

Kwa aliyeshika skana ya kijana yule: mrudishie. Mvua zinaanza tena, na shemeji yake anashuka majini kila usiku.