Amefaulu Sayansi, Tembele Halijui

"Mwanangu sikumpeleka shule akashike jembe. Jembe analo bibi yake kijijini."

Maneno haya yalisemwa na mzazi mmoja kwenye kikao cha wazazi cha shule fulani ya msingi hapa Dar es Salaam. Mwalimu wa Sayansi alikuwa ameomba kila mzazi atoe kiroba kitupu na hela kidogo ya mbegu, watoto waanzishe bustani ya mboga. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwalimu akakaa chini, ajenda ikafa, tukahamia kwenye majoho ya mahafali ya darasa la awali, nayo yakapita bila mkono hata mmoja kunyooshwa. Mtoto wa miaka 6 anavalishwa joho na kofia ya shahada kwa kujua kuhesabu mpaka mia, mzazi analipa huku anatabasamu, lakini mbegu za mchicha zimemtoa jasho! Ya majoho nitayaandikia siku yake. Leo nina ugomvi na yale makofi.

Maana yule mzazi hakusema la kwake. Alisema la wengi: kalamu ni ya wenye akili, jembe ni la waliofeli. Tunawatishia watoto kila siku, "Hutaki kusoma? Utaishia kulima." Na tunayasema hayo mdomo umejaa ugali.

Imani hii haikuanguka kutoka mbinguni, na wa kwanza kulaumiwa ni shule zenyewe. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe na shamba ambalo wanafunzi wanashiriki kulipanga, wanaona faida ya mbolea kwa macho yao, na matunda ya jasho lao wanayafaidi wenyewe. Tuliopita kwenye shule za miaka iliyofuata tunajua kilichotokea. Aliyechelewa namba, jembe. Aliyepiga kelele, jembe. Aliyekuja na shati chafu, matuta mawili kabla ya kengele, kana kwamba matuta yatamtakatisha. Mahindi yakikomaa, magunia yalielekea kwa mwalimu mkuu, na aliyepalilia hakuonja hata gunzi. Mtoto anaona jembe likitolewa stoo sambamba na fimbo kwa miaka 7, halafu tunashangaa akilichukia ukubwani! Tungewaadhibu kwa hesabu, leo tungekuwa taifa linaloamini kwamba hesabu ni za waliofeli.

Kilichoharibu mambo, basi, ni adhabu. Bustani haina kosa.

Tazameni elimu ya chakula isiyo na bustani inavyozaa. Nina mpwa wangu yuko Darasa la Tano. Makundi ya vyakula anayataja kama anavyotaja majina ya wachezaji wa Simba. Ukosefu wa vitamini A huathiri macho, anajua. Madini ya chuma na damu, anajua. Jioni moja mama yake alimtuma nyuma ya nyumba akachume matembele, akarudi na majani ya ua la urembo linalotambaa ukutani. Amejaza mkono, anatabasamu, anasubiri sifa. Na saa ya mapumziko mtaalamu huyu wa vitamini anakula nini? Nendeni langoni mwa shule yoyote mjini mkamwone: ananyonya barafu nyekundu ya kwenye nailoni, ulimi unabaki na rangi mpaka jioni, mkono wa pili umeshika pakiti ya kripsi za chumvi. Lishe ameisoma. Hawajawahi kukutana.

Mchicha ukipandwa leo, baada ya wiki nne hivi unang'olewa. Tembele hata mbegu halitaki, ni kipande cha shina tu unachomeka ardhini. Mtoto aliyemwagilia, akafukuza kuku, akagombana na wenzake juu ya tuta lipi la nani, mboga hiyo ataila. Nimewaona kwenye shule moja watoto ambao nyumbani hulizwa na mchicha wakigombea mchicha wa mwisho kwenye sufuria, kisa umetoka kwenye tuta lao. Hakuna bango la ukutani linaloweza kufanya hivyo, hata lichorwe karoti yenye macho na meno.

Na msiniambie hili ni tatizo la watoto wa mjini tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mkoa ulioongoza ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Iringa! Njombe! Huko huko yanakotoka mahindi, viazi na maharage tunayokula sisi huku. Magunia yanapanda lori, mtoto anabaki na ugali. Kulima wanajua, ila jembe la shamba la mahindi halijamfundisha mtu sahani iwe na nini. Na binti aliye Darasa la Tano leo ndiye mama wa miaka kumi na kitu ijayo. Tunangoja mpaka afike kliniki ya wajawazito ndipo aambiwe habari za mboga na matunda?

Eti shule za mjini hazina eneo. Kiroba kinataka eneo gani? Unajaza udongo na samadi, katikati unasimamisha nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, unatoboa matundu ubavuni na kuchomeka miche pande zote na juu. Kinakaa kwenye nafasi ya ndoo. Mzazi mwingine alilalamika kwamba watoto watachafuka kucha. Sabuni kipande bei gani dukani? Bei ya joho je?

Ila wazazi wenzangu, tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, kila mchango tunauona wizi. Ukitaja uji wa watoto, mtu anauliza serikali iko wapi. Mtoto anakaa darasani tumbo tupu mpaka saa nane, baba yake bado anaitafuta serikali.

Walimu wakuu nao wasijifiche nyuma yetu. Anayetaka bustani yake iheshimiwe atangaze mstarini kesho asubuhi kwamba mchelewaji haruhusiwi kugusa jembe. Jembe ni la waliowahi. Mboga ziingie kwenye sufuria la watoto siku hiyohiyo zilipochumwa. Na mwalimu anayetamani fungu la kwenda nalo nyumbani apange foleni, alipe kama wateja wengine, hela ikanunue mbegu.