Aibu ya Mihogo Inawanyima Watoto Wetu Chakula

Fungua mkoba wa mtoto anayepanda basi la shule alfajiri jijini Dar es Salaam. Utakuta paketi ya krispi, biskuti za krimu, juisi ya boksi yenye picha ya embe, na pengine soseji mbili zilizokaangwa jana usiku. Mtoto huyo atarudi nyumbani jioni. Siku nzima ya hesabu, kusoma na kukimbia uwanjani ameiendesha kwa sukari, chumvi, mafuta na rangi. Na mzazi aliyevinunua anaamini kwa dhati kwamba amempenda mwanawe.

Tusidanganyane: huyo mtoto hajafungiwa chakula. Amefungiwa bidhaa.

Sisemi na mzazi asiye na kitu. Wapo watoto wengi nchini wanaokwenda shule mikono mitupu wakisubiri uji au makande ya michango ya wazazi, na michango isipotosha, jiko haliwashwi. Kilio chao ni kizito kuliko hiki na kinastahili makala yake. Leo nasema na sisi tunaoingia supamaketi Jumamosi na pesa mkononi, tukaacha sokoni viazi vitamu, mayai na machungwa, tukabeba katoni ya vitu vya kung'aa.

Tunafanya hivyo kwa sababu ya aibu. Nimewasikia wazazi wakisema, bila hata kuona soni, “Mwanangu hawezi kupeleka mihogo shuleni, watamcheka.” Nani amewafundisha watoto kuicheka mihogo? Hakuna mtoto anayezaliwa akiidharau. Wamejifunza kwetu sisi tunaosema dagaa ni mboga ya shida, tunaofunika sahani ya magimbi mgeni akibisha hodi, tunaompongeza mtoto kwa kupeleka pitsa na kumnong'oneza asiseme kwamba jana amekula kisamvu. Tumewarithisha dharau kwa kile hasa ambacho kingewajenga, kisha tunashangaa wakikisukuma pembeni mezani.

Tazameni tunachowapa badala yake. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari ya takriban gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifikie asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mtu anapata kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600, asilimia 5 ni gramu 20. Chupa moja imeshapita hapo, na bado hajagusa biskuti. Juisi ya boksi haimwokoi mtu. Geuza boksi usome maandishi madogo: mara nyingi maji na sukari vimetangulia, embe linafuata nyuma. Na soseji? Mwaka huohuo wa 2015, wataalamu wa saratani wa shirika hilohilo waliiweka nyama ya kusindikwa kwenye kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Soseji moja ya sikukuu haimuui mtu. Ya kila siku, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, ni jambo jingine kabisa.

Haya yanatokea katika nchi gani? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu ya watoto wa umri huo wana upungufu wa damu. Ndio wanaoingia darasani miaka inayofuata. Tumbo la mtoto linaweza kujaa krispi huku damu yake ikilia njaa ya madini ya chuma.

Sasa mtaniuliza, tufunge nini? Fungeni kile ambacho nchi hii imejaa. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini A kwa wingi. Vimenyeni jioni, asubuhi ni kuchemsha tu. Dagaa wakikaangwa wakakauka, mtoto anawala na mifupa yao, na humo ndimo ilimo kalisi. Maharage, kunde na choroko vina madini ya chuma, ila mwili huyapokea vizuri zaidi yakiandamana na chungwa, chenza au pera, kwa sababu ya vitamini C. Chai ya rangi hufanya kinyume, huyazuia; basi chupa ya mtoto iwe na maji. Makande, mahindi na maharage ndani ya chungu kimoja, yanakamilishana kwa protini kuliko kila kimoja kikiliwa peke yake. Hayo bibi zetu waliyapika bila kusoma lebo yoyote. Chapati na yai. Ndizi za kuchemsha na karanga. Wali na njegere, kipande cha papai pembeni. Jumatatu isifanane na Jumanne, kwa maana mtoto anayeletewa kitu kilekile wiki nzima atakigawa kwa wenzake ifikapo Jumatano.

Joto la pwani lazima tuliheshimu. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Kwa hiyo mbaazi za nazi, tamu kama zilivyo, zibaki nyumbani, kwani nazi huchacha upesi. Cha moto kiingie kwenye hotpoti kikiwa cha moto kweli, si vuguvugu. Yai libaki na ganda lake, limenywe wakati wa kula. Ndizi na chungwa vimekuja na vifungashio vyake tangu mtini. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, maana zinaweza kubeba sumukuvu; na wadogo wa chekechea wasipewe nzimanzima, zinapalia.

“Sina muda.” Neno hilo nalisikia zaidi kwa akina baba, ambao wengi wetu hatujawahi hata kujua kifuniko cha hotpoti ya mtoto ni cha rangi gani. Mama anaamka saa kumi alfajiri, anapika, anaogesha, anakimbilia kazini, na mtoto akidhoofu analaumiwa yeye. Baba, kumenya viazi saa mbili usiku huku ukitazama taarifa ya habari hakukupunguzii uanaume. Usitoe hela ya soda asubuhi ukadhani umelea.

“Mtoto wangu hapendi.” Mtoto hukubali chakula kigeni baada ya kukionja mara nyingi, pengine kumi na zaidi. Sisi tunajaribu mara mbili, tunasalimu amri, tunarudi kwenye biskuti. Wenye viwanda hawachoki hivyo. Wanamfuata kila siku kwa katuni na rangi. Chile ilikataa mchezo huo mwaka 2016: vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiwango vikawekwa alama nyeusi usoni, katuni zikaondolewa kwenye paketi zake, na kuviuza shuleni kukapigwa marufuku. Ni nchi ya kawaida yenye wazazi kama sisi, ila wabunge wake walithubutu.

Sisi tusisubiri Bunge. Walimu wakuu, mnatuandikia barua za sare, za ada, za urefu wa nywele. Tuandikieni na hii: kuanzia muhula ujao soda, krispi na juisi za boksi zisivuke geti, na duka la shule lisiviuze. Na mwalimu atakayesikia mtoto akichekwa kwa sababu ya mihogo yake asikae kimya. Avute kiti, aombe kipande, ale naye mbele ya darasa zima.