Hata Eliya alichoka: nguvu mpya huanza na usingizi na chakula

Msimu wa mpunga ukifika, wazazi wengi wa bonde la Rufiji huhamia dunguni, kwenye vibanda vilivyojengwa juu ya nguzo katikati ya mashamba. Mchana wanaamia ndege. Usiku wanapiga kelele ili nguruwe pori wasiingie. Mama mwenye mtoto mchanga hunyonyesha, hupika, huteka maji na bado hukesha. Jumapili akipata nafasi ya kwenda kanisani, husinzia ibada ikiendelea.

Kisha huja mwaka kama 2024. Aprili mwaka huo Mto Rufiji ulifurika, nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti zikaingiwa na maji, familia zikakimbilia kwenye miinuko, kwa ndugu na kwenye kambi. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya nacho kikafika pwani. Kwa wengi, jasho la msimu mzima liliondoka na maji. Mzazi aliyepitia hayo anaweza kupanda tena na kupika tena kila siku, huku ndani amekwisha.

Akisema amechoka, mara nyingi hujibiwa: "Omba zaidi." Wapo wanaoongeza kuwa uchovu ni dalili ya imani haba. Maneno hayo hayampi nguvu. Yanamtwisha mzigo wa pili, kwani sasa amechoka na pia anajiona mkosaji mbele za Mungu.

Biblia haimtendei hivyo mtu aliyechoka. Katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19, nabii Eliya anakimbia jangwani, anaketi chini ya mti na kumwomba Mungu afe. Huyu si mtu wa imani haba, kwani sura moja nyuma aliomba na moto ukashuka kutoka mbinguni. Lakini amechoka hata kuishi.

Mungu hamkemei. Anamwacha alale. Kisha malaika anamgusa na kumwonyesha mkate na maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, anamwambia ale kwa sababu safari bado ni ndefu. Baada ya hapo ndipo anapata nguvu ya kutembea siku 40 hadi mlima wa Mungu. Huko anasema yote yaliyo moyoni, na mwishowe anapewa Elisha wa kumsaidia kazi.

Mpangilio huo una funzo kwa kila nyumba: usingizi, chakula, mtu wa kumsikiliza, mtu wa kumpokea mzigo. Sala ilikuwepo tangu mwanzo, hata ile sala ya kukata tamaa chini ya mti, na Mungu aliisikia.

Kwa hiyo, jirani akikwambia amechoka, mwombee, lakini usiishie hapo. Mshikie mtoto saa mbili alale. Mpelekee uji au wali na samaki. Wanawake wa jumuiya wanaweza kupangiana zamu ya kumtekea maji mama aliyejifungua. Kibiti na Rufiji, ambako Wakristo ni wachache, anayetangulia kufika na bakuli mara nyingi ni jirani Mwislamu. Mpokee kwa shukrani. Msaada wa Mungu hauchagui mlango wa kupitia.

Akina baba nao wasisahaulike. Baba anayetoka usiku kuvua kamba kwenye mikoko ya delta, halafu mchana anatafuta ada ya shule, mara nyingi hasemi kuwa amechoka. Huwa mkali, hujitenga au hukimbilia pombe. Naye anahitaji mtu wa kumuuliza hali kwa upole.

Upo pia uchovu usioisha kwa kulala. Malaria na upungufu wa damu huchosha sana, hasa kwa wajawazito na waliojifungua karibuni. Ukiona weupe ndani ya kope na kwenye viganja, moyo kwenda mbio au pumzi kukata kwa kazi ndogo, nenda zahanati ukapimwe.

Sonona nayo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na kubwa zaidi ni sonona. Mama akikaa wiki mbili bila furaha, analia mara kwa mara, hapati usingizi hata mtoto akilala, au haoni raha ya kuwa na mwanawe, apelekwe kituo cha afya. Na mtu akisema maneno kama ya Eliya, kwamba afadhali afe, usimwache peke yake hata kidogo. Mpeleke siku hiyohiyo.

Kwenda kwa daktari si kumwacha Mungu. Hospitali ya misheni ya Mchukwi, wilayani Kibiti, ni ushahidi kwamba sala na dawa hukaa nyumba moja.

Wakazi wa delta wanajua kuwa maji yakipwa, mtumbwi hukaa kwenye matope. Anayeusukuma kwa hasira huishiwa nguvu bure. Mwenye busara hukaa, hula alichonacho, hungoja maji yajae, kisha hupiga kasia. Mzazi uliyechoka, usiku wa leo sema sala fupi, hata ya sentensi moja, kisha lala. Kesho mwambie mtu mmoja unayemwamini ukweli wa hali yako.